Shingo Iliyoinama Kushoto

Gamelioni, siku ya 3

Leo nimepata kigae kikubwa, tumbo zima la mtungi uliopasukia tanuruni, kwa hiyo nitaandika kwa nafasi. Herufi nilifundishwa na baba yangu, si ili niwe msomi, bali niandike majina ya wateja kwenye vyombo. Hapa Keramiko, mtaa wetu wa wafinyanzi, wanawake wanaojua kuandika tulikuwa wawili, na mwenzangu ameshakufa. Msumari ninao, vigae havitaisha maisha.

Mwanangu Kleitos amechaguliwa. Waimbaji kumi na tano tu wanahitajika katika mchezo wa tamasha la Dioniso, na katika Athene yote hii, na vijana wake wote wanaojisugua mafuta na kujiona, mmoja wa hao kumi na tano ametoka katika tumbo langu. Amehamia kwa Bwana Hagnias, tajiri anayegharamia mchezo mwaka huu. Watalala huko, watakula huko, watafundishwa huko mpaka mwezi wa Elafeboli. Miezi miwili na zaidi katika nyumba hii nitaishi na gurudumu langu tu.

Sinung'uniki. Anayeimba katika tamasha hapandi merikebu ya vita, ndiyo sheria. Jina la Kleitos lilikuwa kwenye ubao mweupe pale sokoni, pamoja na wote watakaopelekwa kaskazini majira ya kuchipua. Jana limefutwa. Nilikwenda kuangalia kwa macho yangu, nikapapasa kwa kidole mahali lilipokuwa.

Baba yake, Pheidon, bahari ilimchukua mwaka wa tisa huu. Hakikurudi hata kidole. Tumemjengea kaburi na ndani hamna kitu. Bahari imeshakula kwangu mara moja, na haitakula mara ya pili.

Siku ya 4

Mvua. Udongo haukauki. Nimepika dengu za watu wawili kwa kusahau.

Siku ya 9

Melino, jirani yangu, alikuja kuomba moto. Anasuka mashada ya maua na kuyauza langoni, na vidole vyake vinanuka majani mwaka mzima. Mwanawe Theron na wangu walizaliwa mwezi mmoja. Melino alipopata homa ya uzazi nilimnyonyesha Theron wiki mbili, huyu kushoto, huyu kulia, na maziwa yakabaki. Jina la Theron bado liko kwenye ubao.

"Mama Kleitos, nasikia wako jana kala nyama."

"Nyama gani, shoga? Bwana Hagnias anawalisha mikunga, samaki wa matajiri. Na mayai mabichi kwa ajili ya koo."

"Basi tutaisikia hiyo sauti ya mikunga."

"Mtaisikia, hata mtakaokaa juu kabisa kule na mbuzi."

Alicheka. "Wangu naye nitamsikia. Moja, mbili, vuta. Moja, mbili, vuta."

Nami nikacheka, kisha nikasema, "Kila mtu na majaliwa yake. Kuna walioumbiwa koo na kuna walioumbiwa mabega."

Melino akaacha kupuliza kaa lake. "Tema mate, mama Kleitos."

Kwetu mwenye kujisifu hutema mate kifuani pake mara tatu, ili Nemesi, yule Mama anayepima majivuno ya watu, asigeuze kichwa akamtazama. Nilimwambia ukweli hautemewi mate. Akaondoka na moto wake.

Siku ya 15

Kleitos alipewa ruhusa ya nusu siku. Nilimwona tangu kona ya tanuru la Smikro, kabla hata sijaona uso. Shingo yake huinama kidogo kushoto, kwa sababu tangu akiwa na miaka saba amebeba mbao za vyombo begani, bega la kulia. Anatembea kama mtu anayesikiliza habari kutoka ardhini. Mchanganye na vijana elfu, uwafunike wote magunia, nitakutolea wangu.

Nilimwimbisha. Mchezo wao ni wa mfalme wa kisiwa fulani ambaye mwaguzi amemwonya asishushe merikebu majini mpaka awape miungu haki yao. Mfalme anasema merikebu ni zake na bahari itamjua yeye ni nani. Kleitos na wenzake watavaa nyuso za bandia, za wanawake wenye mvi, maana wao ndio mama za wapiga makasia. Wanamsihi mfalme, wanaimba:

*Uliyepanda juu ya paa,
usiulize upepo umetoka wapi.*

"Mfalme anafanya nini?" nikamuuliza.

"Anawacheka."

"Mjinga. Kila mtu anaona isipokuwa yeye?"

"Ndiyo mchezo wenyewe, mama."

Alikula dagaa na mkate wa shayiri, akatazama rafuni.

"Mtungi wa babu uko wapi? Ule wa pweza."

"Ulipasuka."

"Lini?"

"Kula, samaki anapoa."

Akala. Kisha akasema, kama anayeongea na mkate, "Siku ya kuchaguliwa, Theron aliimba kabla yangu. Uliwahi kumsikia Theron akiimba, mama?"

Nikamwambia nimemsikia akilia, na inatosha.

Siku ya 16

Bakuli lake nimelikuta nje, amelisafisha kwa mchanga.

Siku ya 24

Nimefanya jambo la kunifurahisha. Katika vikombe ishirini vya mvinyo nimeandika, kuzunguka mdomo, KLEITOS NI MZURI. Wafinyanzi wote huandika hivyo kwa watoto wa matajiri, ili kikombe kinunuliwe. Nikaona wa kwangu ana upungufu gani? Vimeisha kabla ya adhuhuri. Vijana waliovinunua walikuwa wanacheka sana. Vijana wanapenda kucheka.

Anthesterioni, siku ya 2

Upepo wa kaskazini. Tanuru limevuta vibaya, vyombo sita vimekuwa vyeusi. Ile sanamu ya uso mbaya tunayoitundika juu ya tanuru kufukuza jicho la husuda imeanguka na kuvunjika pua. Nimeirudisha na pua yake hivyo hivyo.

Siku ya 13

Leo ndiyo Siku ya Vyungu. Kila nyumba imepika chungu cha nafaka kwa wafu wake, na walio hai hatuonji. Nimepaka lami mlangoni, nimetafuna majani machungu, mizuka isiingie ndani, nimeweka chungu cha Pheidon uani. Wengine wafu wao wanajua njia, wanatoka makaburini hapo nje ya lango na kufika. Wangu atoke wapi? Nilikaa karibu na chungu mpaka mvuke ukaisha. Nilitamani hata nisikie kikohozi chake. Alikuwa na kikohozi kibaya cha moshi, kikinikera, na leo ningekipokea kwa mikono miwili.

Kwa kuwa ni siku ya wafu, na baba yangu huenda anasoma begani mwangu, niandike ukweli. Mtungi wa pweza haukupasuka. Ulikuwa kazi ya mwisho ya baba, mikono minane ya pweza imeuzunguka na hakuna hata mmoja unaofanana na mwenzake. Niliufunga katika nguo nikampelekea mwalimu wa waimbaji. Ilikuwa imebaki nafasi moja na vijana wawili, wangu na Theron. Mwalimu alikuwa amemsikia Theron akaweka kikombe chini. Nilimwona akikiweka, nilikuwa nimesimama dirishani. Kleitos alipoimba, alikinyanyua tena akanywa.

Wa kwangu anaimba vizuri. Sijasema haimbi vizuri. Lakini mwanamke aliyekwisha kumpikia chungu mtu asiye na kaburi lenye kitu ndani, asiulizwe mtungi ulikwenda wapi.

Nikamaliza, "Tokeni sasa, wafu, siku imekwisha," kama inavyopasa kusema. Nikaona vibaya kumfukuza Pheidon ambaye hakufika.

Siku ya 24

Kleitos alikuja mchana bila kutarajiwa. Nilikuwa napanga vyombo tanuruni, nusu mwili uko ndani, mteja wa Megara ananiuliza bei ya mitungi ya mafuta.

"Mama, acha kuandika jina langu kwenye vikombe."

"Kwa nini, nimekosea herufi?"

"Wananiita Mwana wa Mtungi. Mke wa mwalimu ameuweka ule wa pweza mezani, kila mtu anauona."

Nilibaki na kichwa tanuruni, ndiko kwenye giza. Nikamwambia, "Waache waite. Mwana wa mtungi yuko nchi kavu."

Alikuja nyuma yangu akataka kunikumbatia. Nikamwambia, "Usiniguse, nimejaa udongo, utachafua joho la Bwana Hagnias. Tutaonana kwenye tamasha."

"Utakaa wapi, mama?"

"Juu, upande wa kushoto, wanapokaa wanawake. Nitakutambua tu, hata wakikuvika kinyago gani. Shingo yako haifichiki."

"Najua," alisema. Akasimama kidogo. Yule wa Megara akauliza tena bei.

Nilipojitoa tanuruni hakuwepo. Joho la Bwana Hagnias alikuwa amelikunja na kuliweka juu ya kigoda. Nimelitundika, atakuja kulifuata.

Siku ya 26

Merikebu zimeondoka alfajiri. Melino hakwenda bandarini. Theron alimkataza, alisema akimwona atatokwa na machozi mbele ya wanaume. Nimempelekea supu ya dengu.

"Kula, mama Theron."

"Hata makasia sikuyasikia. Nilidhani upepo ukivuma huku nitasikia."

"Atarudi."

"Wako Pheidon uliambiwa hivyo na nani?"

"Na wewe," nikasema.

Basi akala, vijiko viwili.

Elafeboli, siku ya 1

Dhoruba siku tatu. Melino anakaa mlangoni anasuka mashada ambayo hakuna anayenunua. Akisikia upepo unapiga paa anasimama. Nami nikiusikia nasema asante miungu, wangu yuko chini ya vigae vya Hagnias, na nikishasema hivyo namwona huyu amesimama na ua mkononi. Leo sikusema kwa sauti.

Siku ya 4

Nimeota namnyonyesha mtoto na simjui ni yupi.

Siku ya 6

Melino anasema hataki kwenda kwenye tamasha, atatazama nini. Nimemwambia atakuja, nitamkokota nywele. Tutakaa pamoja, nitamwonyesha wangu, naye ataona angalau mtoto mmoja aliyemlea mtaani amefika mahali. Akasema, "Tema mate." Nikasema nitatema wakishatoa taji la washindi.

Siku ya 11

Kigae hiki ni kikubwa kuliko vyote, nilikihifadhi kwa ajili ya leo.

Tulitoka kungali giza, na mito ya kukalia, tini, kitunguu saumu na mkate. Nilivaa vazi la manjano. Melino alivaa lake la kila siku. Tulipata mahali juu, upande wa kushoto, na mimi sikukaa nikanyamaza, niseme kweli. Niliwaambia wanawake wa mbele, wa nyuma, na mke wa muuza ngozi aliyekuwa amelala.

Wakaingia wanawake kumi na tano wenye mvi, wamevaa nguo nyeusi. Niliwapitia mmoja mmoja, nikamwona. Wa tatu kutoka mwisho. Shingo imeinama kushoto, anatembea kama anayesikiliza ardhi.

"Yule," nikamwambia Melino, nikamfinya mkono. "Wa tatu. Ile shingo. Niliwaambia."

"Namwona," alisema Melino.

Mfalme akaja na viatu virefu, akasema maneno yake ya kiburi. Mwaguzi akamwonya, akafukuzwa. Kina mama wakamsihi. Ikafika ile ya paa na upepo, wakaimba wote, kisha wakanyamaza, mmoja akairudia peke yake, ni yule wa tatu. Sijui niiandikeje sauti ile. Ilikuwa kama kupitisha kidole kwenye chombo kilichoiva sawasawa, hakina kokoto hata moja. Wanaume wazima walijifunika nyuso. Nikajiambia, kumbe mwalimu hakumwelewa mwanangu, wala mimi sikumwelewa. Kumbe mtungi wa baba haukuwa hongo, ulikuwa haki.

Melino alikuwa analia bila sauti. Nikamwambia, "Si mchezo tu, shoga?" Akasema, "Mtoto wako ananikumbusha wangu. Theron akiimba kuteka maji, anavuta pumzi hapo hapo." Nikampigapiga mgongoni, kwa huruma, kama tajiri anayempa maskini mkate.

Mwishoni merikebu za mfalme zimezama na wanawe wamo, naye anatoka nje bila taji anawaomba kina mama wamfundishe kulia. Wanamzunguka. Wa tatu anamwekea mkono kichwani. Basi.

Nilimkokota Melino mpaka chini, kwenye njia wanakotokea. Niliwapiga watu viwiko. Nilikuwa na tini zilizobaki, ndizo anazozipenda. Wakatoka wakitweta, mmoja mmoja akivua uso. Yule wa shingo iliyoinama akaja, nikaita, "Mwanangu."

Akavua uso. Alikuwa Theron.

Shingo ikanyooka. Ilinyooka hapo hapo, mbele ya macho yangu, ikawa shingo ya Theron.

Melino alitoa sauti ya mtu aliyekanyaga mwiba. Akamkamata mwanawe masikio, nywele, mabega, kama anayekagua chombo kama kina ufa. Na mimi nimesimama na tini.

"Kleitos yuko wapi?" nikamuuliza Theron.

"Ameitika jina langu, mama," alisema. Ameniita mama tangu aanze kusema. "Siku ile ya merikebu. Alisema nafasi ni yangu, alikuwa ananiwekea tu."

Siku ya 12

Wamepewa taji. Nimeambiwa.

Siku ya 14

Theron alikuja na kusimama nje, hakuthubutu kuingia. Nikamwambia aingie, mlango haung'ati.

Anasema Kleitos alikuwa akimfundisha nyimbo tangu Siku ya Vyungu, mashimoni tunakochimba udongo, usiku akitoroka kwa Bwana Hagnias. Alimwambia mwalimu koo lake limeharibika, naye mwalimu alishukuru miungu. Alimwapisha asimwambie mtu, hata mama yake, mpaka mchezo uishe.

"Kwa nini hata Melino?"

"Alisema ukipata habari utamfuata jemadari hata kwa kuogelea. Na nafasi itapotea kwa wote wawili."

Ni kweli, ningeogelea.

"Na shingo?"

Akaangalia chini. "Ndilo lililokuwa gumu kuliko nyimbo. Kila usiku alinibebesha ubao bega la kulia. Alisema mama atakaa juu, kushoto, na atawaonyesha watu. Alisema, mfanye afurahi siku hiyo moja."

Nikamtuma akachote maji, ili atoke.

Nimelipima jambo hili kila upande, kama chombo kinachovuja nisijue kinavujia wapi. Nisingeutoa mtungi, Theron angechaguliwa kwa sauti yake, na Kleitos angepanda merikebu. Nimeutoa, Theron ameimba, na Kleitos amepanda merikebu. Nimezunguka kote kule na kiburi changu nikarudi palepale nilipotoka. Ila nisingezunguka, ningekwenda naye bandarini. Ningemkumbatia na udongo wangu wote.

Siku ya 20

Melino anakuja kila asubuhi. Anajifunika uso kwa ushungi anapopita mlangoni mwangu, furaha yake isinichome. Leo nilimvuta ule ushungi.

"Nicheke basi," nikamwambia. "Mimi ningekucheka."

"Najua ungenicheka," alisema. Akakaa, akaanza kunimenyea vitunguu saumu. Baadaye akasema, "Mabega yake ni mazuri, mama Kleitos. Umempa mabega mazuri."

Siku ya 27

Hakuna habari. Upepo umetulia.

Munikhioni, siku ya 6

Kigae kidogo, lakini cha shingo ya mtungi, kina mwinamo mzuri.

Merikebu moja ya nafaka imepita huko kaskazini, inasema imeziona zetu kwa mbali, zinaelekea Thrake. Ngapi, hawakuhesabu. Nimevitafuta vile vikombe ishirini nivinunue tena, nimepata vitatu. Nanywea kimoja. Joho bado liko ukutani, Bwana Hagnias hajaliulizia.

Theron hunibebea udongo siku hizi. Anabeba kwa mabega yote mawili, ovyo, na kuumwaga njiani. Leo alipomaliza nikamwomba aimbe ile ya kina mama. Akaanza. Nikamwambia, "Subiri. Geuka, nipe mgongo."

Akageuka. Sikumwambia zaidi, akajua mwenyewe, akaiinamisha shingo kushoto.

Nikamtazama mpaka wimbo ulipoisha. Kisha nikatema mate kifuani, mara tatu. Sikuwa nimesema kitu.